Pande 47 za bibi na mkasi uliotangulia: kisa cha sebule moja Magomeni

Huyu dada alikuja kibandani kwangu mchana, na mifuko miwili. Mmoja una mito minane ya makochi, mipya, zipu zimekaa sawa, kona zimechongoka vizuri, kwa kweli fundi aliyeishona anajua kazi. Mfuko wa pili una matambara marefu marefu ya kanga, mapindo na mabaki. Akaniambia, dada, naomba unirudishie hizi ziwe kanga kama zilivyokuwa. Nikadhani sijamsikia vizuri, akarudia, halafu machozi yakaanza kumlenga, ikabidi nizime cherehani nimpe stuli akae.

Naandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu tangu mwaka jana nimeletewa masanduku ya namna hii mara tatu, watu wameona picha kwenye simu za nyumba zilizopambwa na mifarishi ya viraka (wengi mjini wanaita kwilti) na nguo za wazee zimetundikwa ukutani, wakatamani, wakaenda kabatini, wakachukua mkasi. Kutamani si vibaya hata kidogo, mimi mwenyewe napenda nyumba yenye vitu vya wazee kuliko nyumba yenye maua ya plastiki. Shida ni ule mkasi kutangulia.

Ilikuwa hivi. Bibi yake mzaa mama, mtu wa Pangani, alifariki akiwa kwenye nyumba hiyo hiyo ya Magomeni ambayo mjukuu anakaa na mumewe na watoto, ndio aliyemuuguza. Baada ya arobaini wakafungua sanduku la bibi lililokuwa uvunguni, lile la mbao zito lenye misumari ya shaba, wakakuta kanga. Pande 47. Nyingine doti kamili, nyingine upande mmoja tu mwenzie hayupo, nyingine zimepauka mpaka ua halionekani, na tatu hazijawahi hata kupindwa, bado zina wanga wa dukani. Wakubwa wakasema tutakaa tuone, halafu kila mtu akarudi kwake na sanduku likabaki. Miezi mitano ikapita hakuna aliyekaa wala aliyeona, na Eid inakaribia, dada akataka sebule ipendeze na bibi "awepo" siku hiyo. Akachagua pande nne nzuri kuliko zote akampelekea fundi wa mtaani kwao, akamwambia nishonee mito.

Fundi akafanya alichoambiwa. Akakunja kila upande, akapima katikati pale penye ua kubwa, akatoa vipande vinne vya sentimita 42 kwa 42, viwili mbele viwili nyuma, mito miwili kwa kila upande. Hata mimi ningepewa kitambaa tu bila kuambiwa ni cha nani ningekata hapo hapo, maana ndipo penye ua. Simlaumu na sitaki mtu amlaumu.

Siku ya Eid mama mkubwa akaja, dada yake mama, ndiye mtoto wa kwanza wa marehemu. Kapokelewa, kapewa shikamoo zote, kakaa kwenye kochi, kavuta mto auweke mgongoni. Akautazama. Akaugeuza nyuma. Akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "hiki si kisutu cha mama?" Nikiambiwa habari hii mpaka leo naiona hiyo sebule ilivyonyamaza. Kilikuwa kisutu chenyewe, nyekundu na nyeusi na nyeupe, bibi aliolewa nacho, na mama mkubwa alikuwa na ahadi na mama yake kwamba kitakuwa chake, ahadi ambayo mjukuu hakuijua kwa sababu hakuna aliyemwambia. Mama mkubwa hakugombana. Aliomba maji, akanywa, akaondoka kabla ya pilau. Ndio maana dada alikuja kwangu na ile mifuko.

Kwanza nilimwambia ukweli mmoja ambao ulimuuma, na hata ninyi mnaosoma naomba muuchukue vilevile. Zile kanga hazikuwa zake. Kwa familia ya Kiislamu kila kitu alichoacha marehemu, baada ya mazishi na madeni na wasia, ni mirathi ya warithi wake, na nguo zimo, haijalishi ni shamba la minazi au ni kanga iliyopauka. Bibi ameacha watoto watatu hai, mama mkubwa, mama yake huyu dada aliyeko Tanga, na mjomba wao. Mjukuu wakati watoto wapo hana fungu pale, hata kama ndiye aliyemwogesha na kumlisha. Kwa hiyo alipeleka kwa fundi mali ya watu watatu bila kuwauliza, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na nia mbaya. Na wakubwa nao wana lao, ukiacha sanduku miezi mitano kwenye nyumba ya mtu kijana unayejua anapenda kupamba, unategemea nini?

Jambo la pili lilikuwa la kitambaa chenyewe. Nilimwaga ule mfuko wa matambara mezani nikaanza kusoma, na nikaona fundi kwenye upande mmoja amepita juu ya jina. Kanga ilikuwa imeandikwa JAPO SIPATI TAMAA SIKATI, mabaki yamebaki na JAPO SIPATI TAMAA, na neno SIKATI limekwenda na kipande cha mto, nusu yake imeshonewa ndani kwenye zipu. Yaani neno lililokatwa ni sikati. Nilikaa na kile kipande mkononi muda mrefu. Mtu anaweza kusema ni maandishi tu, lakini ukimuuliza mwanamke yeyote wa pwani kanga yake ni ipi hatakwambia ile ya maua ya korosho yenye bluu, atakutajia jina. Ndio utambulisho wake. Pindo na mji, ile sehemu ya katikati, ni mwili, jina ndio mwenyewe. Anayepamba nyumba kwa kanga za marehemu akatoa maua akatupa majina, amebaki na kitambaa ambacho angeweza kununua leo asubuhi Mtaa wa Uhuru.

Nikamwambia sishoni chochote mpaka wakubwa wakae. Kazi inakungoja, sanduku usiliguse, piga simu.

Walikaa Jumapili, na wakaniita. Tulitandika mikeka miwili sebuleni tukazitoa moja moja, mama mkubwa na mama wa Tanga wakawa wanazitaja na mimi naandika kwenye daftari. Kama kuna siku moja ya kazi hii ningependa irudi ni ile. Hii mama aliibebea mdogo wenu. Hii alitumiwa na baba kutoka Unguja, upande mmoja alimpa jirani aliyefiwa. Hii alivaa siku anamuaga shangazi yenu uwanja wa ndege. Kulikuwa na yenye chapa ya Urafiki, kile kiwanda cha Ubungo kilichojengwa kwa msaada wa Wachina na kufunguliwa 1968, mjomba akakumbuka kabisa foleni za ugawaji wakati nguo hazipatikani. Zilikuwepo mbili zilizochapwa Japani, ukingoni imeandikwa, na ukizishika pamba yake imelala laini hadi leo. Moja ilikuwa na jina kwa herufi za Kiarabu, kama walivyokuwa wanachapa zamani kabla herufi za Kirumi hazijashika, na hakuna pale aliyeweza kulisoma lote maana kitambaa kimetoboka katikati ya maneno. Nyingine tatu za chama, kijani na njano. Hata waliokuja wamenuna walicheka. Nikagundua kumbe hawajawahi kukaa hivyo tangu msiba.

Ukipata sanduku kama hilo andika siku hiyo hiyo. Namba kwenye karatasi ndogo, ibandike kwa pini isiyopata kutu (za kawaida zinaacha doa la kahawia halitoki), na kwenye daftari andika nani alivaa, lini, kapewa na nani. Wanaojua ni wawili au watatu na ni wazee.

Mgawanyo wao ulikwenda hivi. Zile nne zilizokatwa tukaziweka pembeni. Zikabaki 43. Kati ya hizo 11 zikagawiwa kwa watu, na upande wa pili wa kile kisutu, pacha yake iliyokuwa salama sandukuni, ukaenda kwa mama mkubwa mkononi kabla ya kitu kingine chochote. 19 zilikuwa nzima na nzuri, wakakubaliana zibaki nyumba hiyo ya Magomeni kama amana ya ukoo, zisikatwe, ziruhusiwe kutundikwa kwa zamu. 13 zilikuwa zimechakaa kweli, zimechanika, zina matobo, nyingine ukivuta kidogo uzi unaachia.

Mimi nikasema hizi 13 na yale mabaki ndio kazi yangu. Mkasi uende kwa kile ambacho kimeshaumia.

Mama mkubwa akakataa. Akasema hata mbovu haikatwi, nguo ya mama yangu si dekio. Nilimwelewa, maana mwisho wa kanga kuukuu kwenye nyumba nyingi ni kuwa nepi, kisha dekio, kisha kushikia sufuria. Nikamwambia mama, kanga yenyewe imezaliwa na kiraka. Inavyosimuliwa miji yote ya pwani, karne ya 19 inakwisha, wanawake walikuwa wananunua leso za mkononi zilizokuja kwa gora hazijakatwa, neno lenyewe tumelipata kwa Wareno, wanakata tatu tatu, wanaunga safu mbili, zinakuwa sita, wanajifunga. Wafanyabiashara wakaona, wakaanza kuchapa kitambaa kizima kinachofanana na zile zilizoungwa. Mombasa mpaka leo wanasema leso. Kwa hiyo kuunga vipande si kuidhalilisha kanga, ni kuirudisha ilikotoka.

Nikamwonyesha pia picha za Wasidi kwenye simu. Hawa ni ndugu zetu walioko India, jimbo la Karnataka, wazee wao walitoka Afrika, wengi walichukuliwa kama watumwa, wengine kupitia Goa kwa Wareno. Wanawake wao wanashona mifarishi inaitwa kawandi kwa nguo kuukuu za familia, wanaanzia pembeni wanazunguka kuingia ndani hadi katikati, kwa sindano ya mkono tu, na kila kona wanaweka kijipande kilichokunjwa kama ua, wanakiita phula, maana yake ua, na bila hilo ua kwao mfarishi uko uchi. Mama mkubwa aliikuza ile picha kwa vidole akaangalia mikono ya yule mwanamke. Akauliza, hawa wanajua Kiswahili? Nikamwambia hapana mama, wanasema za kwao. Akanyamaza, halafu akasema haya, weka na hilo ua.

Mjomba naye alikuwa na lake, kwamba kulalia nguo ya marehemu si vizuri, mtu ataota. Sikubishana na imani ya mtu mzima nyumbani kwao. Nilimweleza tu kisa cha mama mmoja wa kijiji cha Gee's Bend kule Alabama, Marekani, watu weusi maskini kabisa wakulima wa pamba, anaitwa Missouri Pettway, mumewe alifariki, na mwaka 1942 akakusanya nguo zake za kazi, suruali zilizopauka magotini, akashona mfarishi ili amkumbuke na ajifunike. Mifarishi ya kijiji hicho imekuja kuonyeshwa jumba la Whitney, New York, mwaka 2002. Mjomba akasema basi jifunikeni ninyi, mimi nitakuja kuutazama. Sawa.

Sasa kazi. Sanduku lilikuwa na vile vidonge vyeupe vya harufu kali, vingi, na mistari ya kahawia kwenye mikunjo. Vidonge vile vinafukuza nondo, na nondo chakula chake ni sufu na hariri, pamba hawaihangaikii sana. Adui wa kanga ni wengine, unyevu wa pwani unaoleta ukungu, mende, na vile vidudu vyembamba vya rangi ya fedha vinavyokula vitabu, vinapenda wanga, ndio maana zile tatu ambazo hazijawahi kufuliwa ndizo zilikuwa zimetafunwa pembeni wakati za kuvaliwa hazijaguswa. Ile mistari ya kahawia ni mbao, tindikali ya mbao inatoka taratibu inachoma kitambaa pale kilipokunjwa na kugusana nayo. Tulizitoa zote, tukazifunga ndani ya mifuko ya plastiki tukikamua hewa, tukaziweka kwenye friza la jirani anayeuza samaki, bora lifike nyuzi 18 chini ya sifuri, wiki mbili. Ukizitoa usifungue mfuko mpaka zifikie joto la chumba, la sivyo majimaji yanatua kwenye kitambaa. Vidudu na mayai vikafa bila dawa hata tone.

Kufua ndipo nilipokosea, nasema wazi. Nilijaribu rangi kwenye vipande 12, kitambaa cheupe kibichi juu yake kisha pasi ya moto, kama cheupe kinatoka na rangi basi hiyo inafuliwa peke yake. Cha 13 kilikuwa cheusi na cheupe, nikajiambia hii imefuliwa miaka 30 itamwaga nini tena. Ikamwaga. Majirani zake wawili kwenye beseni wakapata wingu la kijivu. Nikatia chumvi, nikatia siki, kama tulivyofundishwa na kila mtu, haikusaidia kitu, kilichosaidia ni maji mengi baridi na kubadilisha beseni haraka kabla hazijakauka, na bado wingu moja lipo. Nilimwonyesha dada siku hiyo hiyo. Jaribu kila kipande, hata cha mwisho.

Mfarishi nilioupanga ni wa kitanda cha tano kwa sita, upana sentimita 200 na urefu 220. Nilikata vipande vya mraba vya 22, vikishonwa vinabaki 20, safu nane za vipande kumi, jumla 80. Kila kanga kuukuu ilitoa sita au saba vilivyo imara, na nyuma ya vilivyolegea nilibandika marekani nyembamba (kile kitambaa cheupe cha pamba) iliyofuliwa kwanza ili isije ikasinyaa baadaye na kuvuta. Katikati sikuweka pamba nene. Nimeona watu wa Dar wanaagiza ile pamba ya plastiki nono ili mfarishi uonekane kama wa kwenye picha, halafu mtu analala Machi na feni imekatika, anautupa chini. Nimeweka shuka kuukuu la pamba, basi, unatandikwa juu ya kitanda mchana na usiku wa kiangazi unakunjwa miguuni. Ningekuwa Lushoto au Njombe ningefanya tofauti.

Kati ya baadhi ya safu, na juu na chini, nikapitisha mistari ya majina. Mistari sita, kila mmoja sentimita 10, majina mawili mawili, jumla 12, na pengo likijazwa na pindo. Hesabu inakubali, 160 za vipande na 60 za majina. Kuyapanga kulituchukua jioni tatu mimi na dada sakafuni, kwa sababu majina yakikaa pamoja yanasemezana. SISI SOTE ABIRIA DEREVA NI MUNGU tuliweka juu kabisa mchagoni, yaani upande wa mto, kwa sababu bibi alikuwa akiisema kila mtu akisafiri. WEMA HAUOZI tukauweka karibu na NANI KAMA MAMA. HASIDI HANA SABABU ilitusumbua, kila ulipoiweka ilikuwa kama inamsema aliye jirani yake, mwishoni iliingia kwenye upande wa chini pamoja na fumbo lingine kali zaidi, zipo, hazijatupwa, zinatazama godoro. Majina yalikuwa 16, 13 ya zile kuukuu na matatu kwenye mabaki ya fundi. 12 juu, mawili chini ya mfarishi, na mawili hayakusomeka tena, likiwemo lile la Kiarabu, yakaingia kwenye kona kama maua, mama mkubwa akapata phula lake.

Na JAPO SIPATI TAMAA, tuliliacha limekatika vile vile, mbele yake nikashona kipande cha marekani nyeupe, na binti wa yule dada, ana miaka 11, akalitarizi SIKATI kwa uzi mwekundu. Herufi zimependa kupanda juu kuelekea mwisho. Nilikataza mtu yeyote kuzinyoosha.

Turudi ukutani, maana hapo palikuwa na kisa kingine ndani ya kisa. Kabla hata hajanijia, dada alishatundika kanga moja nzima juu ya kochi kubwa, rangi ya machungwa na nyeusi, imeiva vizuri, jina MDHANIAYE NDIYE SIYE. Aliichagua kwa rangi, inaendana na mapazia. Wifi yake akaja, akakaa kochi la mbele, saa nzima anaiangalia. Usiku akampigia kaka yake kwa simu: mkeo ananisema. Dada anaapa hakuwaza kabisa, na mimi namwamini, lakini wifi simlaumu pia. Kanga ya mwilini inapita, ukiulizwa unasema nimevaa tu, na mwenzio anaweza kujifanya hajaona, ndiyo adabu yake, fumbo lina mlango wa kutokea. Ukiigongomelea ukutani juu ya kichwa chako umeufunga ule mlango. Inamsemesha kila anayeingia, kila siku, na wewe umekaa chini yake kama uliyetia saini. Kwa hiyo kabla hujatundika soma jina kwa macho ya mama mkwe, ya wifi, ya jirani mliyekoseana, ya mke mwenza kama yupo. Rangi ya mapazia baadaye.

Mahali pake tuliweka kile kisutu kilichokatwa. Hapa ndipo nilipotimiza ombi lake la siku ya kwanza, kwa kadiri ilivyowezekana. Nilifumua ile mito miwili taratibu, nikapata vipande vinne, nikavirudisha kwenye tundu lake juu ya marekani mpya, ukingo kwa ukingo, nikashona kwa mkono. Ovaloki, ile cherehani ya kufunga kingo, ilikuwa imekula milimita kadhaa kila upande kwa hiyo havikukutana kabisa, umebaki msalaba mwembamba mweupe katikati ya wekundu. Dada alitaka niufunike kwa utepe. Nikamwomba auache, mama mkubwa akija aone kimerudi na aone kilipopita mkasi. Mito sita iliyobaki iko kwenye makochi, hiyo ilishakuwa mito, kuifumua yote kungeichosha bure.

Kutundika: nilishona mfuko mrefu wa marekani mgongoni kote juu, nikapitisha fimbo ya mbao iliyopakwa vanishi, uzito ukagawanyika. Msumari kwenye kona mbili unachana kitambaa cha zamani, unaona baada ya mwaka kona zimerefuka kama masikio. Fimbo imekaa mbele ya ukuta sentimita tatu ili hewa ipite, kuta zetu za pwani zinatoka jasho masika. Si ukuta unaopigwa na jua la saa kumi, jua halirudishi rangi iliyochukua. Fremu ya kioo sikuitaka, ikigusa kitambaa unyevu unabaki humo humo na ukungu unaanza. Na udi, jamani, najua Ijumaa bila udi si Ijumaa, ila chetezo kikae upande mwingine wa sebule, moshi ule una mafuta unakwenda kulala kwenye nguo. Kila miezi mitatu wanaishusha wanaweka nyingine kati ya zile 19, iliyoshuka inaviringishwa kwenye bomba la karatasi lililozungushiwa shuka jeupe safi, haikunjwi, hairudi kugusa mbao.

Kazi yote ilikwenda wiki tano. Mjomba alikuja kuutazama kama alivyosema, akasimama mlangoni mwa chumba, akasoma majina yote kwa sauti mstari kwa mstari, akatoka bila kusema kitu, akanitumia hela ya soda.

Mama mkubwa alichelewa, miezi mitatu hivi. Alipita kwangu kwanza kabla ya kwenda Magomeni, ana mfuko wa kaki kwapani, ndani upande mmoja wa kanga umechakaa vibaya, wa kwake yeye mwenyewe. Nikamwambia mama huu bado unaufunga nyumbani. Akasema naufunga lakini umekwisha, na nimehesabu, mstari wa chini kuna pindo refu halina jina, hapo pananitosha. Tukaenda wote. Nikafumua sentimita 70 za mstari wa chini, yeye ameshika taa ya simu, na jina la kanga yake likaingia. Alinikataza kulikata yeye akiwa anaangalia, akageukia dirishani mpaka nikamwambia tayari.